Dau Langu Lilikuwa Tangi la Maji

Wiki ile ya mbio za magari, kila mtu Voi alikuwa fundi wa injini. Muuza viazi karai alikuwa na maoni juu ya gia. Mhubiri wa kando ya barabara, ambaye siku zote alitukemea kwa ulevi na uvivu, aliteremka jukwaani kutuambia kwamba watu wa Nairobi wasiachiwe kikombe. Hata mama anayetuuzia chai kwenye steji yetu ya bodaboda alitufundisha, huku akimimina, kwamba gari zito haliwezi mchanga. Nami, niliyekuwa nimekaa wiki tatu bila pikipiki, nilikuwa na maoni kuwazidi wote.

Acha nieleze hali yangu, maana bila hiyo msomaji ataniona mwendawazimu, na mimi nataka anione mwendawazimu mwenye sababu. Pikipiki niliyokuwa nikiendesha haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwalimu mmoja mstaafu, na alipofariki wanawe waliiuza kabla hata matanga hayajaanuliwa. Leo nilikuwa mtu wa kazi, napandisha watu Sagalla na magunia yao. Kesho yake nikawa mtu wa kukaa kwenye benchi la steji na kuwashikia wenzangu helmeti wakienda haja. Kila asubuhi nilivaa koti langu la bodaboda, nikashuka mjini kwa miguu, mwendo wa saa mbili, nikakaa. Jioni nikapanda tena kwa miguu. Mke wangu alijua. Watoto niliwaambia pikipiki iko gereji, na mdogo alikuwa akiniuliza kila siku kama imepona.

Nyumbani kwetu, chini ya mlima wa Sagalla, kitu cha maana kilikuwa kimoja: tangi jipya la maji, jeusi, refu kunizidi. Halikuwa langu. Mke wangu yumo kwenye chama cha wanawake kumi na wanne wa kanisani, na chama chao hakigawi pesa, kwa sababu wanawake wale wanajua pesa ya mwanamke aliyeolewa ina miguu. Wananunua kitu wenyewe na kukileta mpaka mlangoni kwa nyimbo. Mke wangu zamu yake ilipokaribia aliomba tangi. Kwetu maji ya bomba huja yanapojisikia, na yasipojisikia wanawake hushuka kioski na mitungi yao na kupanga foleni tangu alfajiri. Mgongo wake haukuwa sawa tangu mtoto wa tatu. Lilipofika, alilizunguka mara mbili akilipapasa, kisha akaingia ndani haraka, na nikajua ameenda kulia.

Nililijengea msingi wa mawe. Nikasema nitafunga mifereji kwenye bati ili mvua za kwanza zisitupite. Kila jioni nilisema kesho. Kwa hiyo wiki ile ya mbio lilikuwa bado tupu, na watoto walilipiga makofi kusikia linavyonguruma.

Sasa nirudi kwa magari. Walioandikishwa walikuwa wengi, lakini wa kuwekewa dau walikuwa watatu.

Wa kwanza alikuwa bingwa kutoka Nairobi. Gari lake lilikuja juu ya lori, limefunikwa turubai, likisindikizwa na mafundi waliovaa sare kama wauguzi. Magurudumu yote manne yalikuwa yakivuta. Likiwashwa, kuku wa nyumba za karibu walikimbilia ndani. Msimu ule alikuwa hajashindwa na mtu.

Wa pili alikuwa mtu mzima wa Mombasa, Mwislamu mpole aliyekuwa akikimbiza barabara zetu tangu sisi tukiwa shule ya msingi. Hakuwa na haraka na hakuwa na makosa. Kila mwaka alikuwa wa pili. Watu wa kuweka dau hawampendi mtu wa pili. Tulimsalimia kwa heshima, shikamoo yake tukampa, tukamwacha.

Wa tatu alikuwa wetu: fundi wa gereji nyuma ya reli, aliyejiundia gari la mbio kutoka gari dogo kuukuu, mlango mmoja rangi nyingine, na kando yake, kwenye kiti cha msoma njia, amekaa shemeji yake. Mwaka uliotangulia aliongoza nusu ya kwanza, kisha bolti moja ikamsaliti. Mwaka huu alikuwa amelifungia gari bomba refu la kuvutia hewa, likapanda kando ya kioo cha mbele mpaka juu ya paa. Nilimwona akilichomelea. Watu walicheka wakasema gari limeota pembe. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua bomba lile ni la nini. Injini ikivuta hewa kutoka juu, gari linaweza kupita kwenye maji ya kifuani bila kuzimika. Gari la bingwa pua yake ilikuwa chini, karibu na taa.

Na kipande cha mwisho cha mbio, ambacho magari yangekipita mara mbili, asubuhi na adhuhuri, kilikata mashamba ya mkonge na kuvuka laga.

Laga ni mto usio na maji. Mwaka mzima ni mchanga mtupu, ng'ombe wanalala ndani yake. Lakini mvua ikinyesha milimani, Ronge na huko juu, maji huteremka, na huku tambarare jua linawaka kabisa wakati ukuta wa maji mekundu unapofika. Mgeni husombwa akiwa amevaa miwani ya jua. Baba yangu alinifundisha saa za laga ile nikiwa mdogo: mlima ukiwa mweusi jioni, usivuke kesho yake kuanzia saa nne asubuhi. Hakuwahi kukosea. Na mimi mwenyewe niliishi ndani ya laga ile miaka mitatu kabla ya bodaboda, nikichimba mchanga na kupakia malori ya wajenzi. Nani Voi angeniambia kitu juu ya laga?

Siku madereva walipopita polepole kukagua njia, nilienda kuwatazama wakifika pale. Hapo ndipo mtu wa dau anapojifunza, si kwenye kelele za mjini. Bingwa alivuka bila kushuka garini. Yule wa Mombasa alishuka, akapiga mchanga teke, akaangalia milima, akatikisa kichwa. Wetu alishuka na kijiti, akapima kimo cha ukingo, akamnong'oneza shemeji yake, na shemeji akaandika. Nilitaka kumkumbatia. Nikajisemea, mimi na huyu tunajua jambo moja.

Steji yetu ina mtindo wake wa kuweka dau. Kamari za simu hazijui mbio zetu. Huko ni mpira wa Ulaya tu. Na pesa tulishazipiga marufuku, baada ya watu wawili kung'oana meno. Kwetu ni kitu kwa kitu, na lazima kiwe kitu unachokitumia, ili ukikipoteza kikuume. Koti kwa redio. Jogoo kwa kofia ya mvua. Rehani anaishika mwenyekiti wa steji, mbele ya mashahidi. Na kuna sheria moja ambayo haina msamaha: ukiweka dau kitu ambacho si chako, jina lako linafutwa kwenye daftari la steji, na hutabeba tena abiria pale, hata kwa pikipiki ya mtu mwingine.

Ijumaa jioni nilikuwa kwenye benchi langu. Milima ilikuwa nyeusi. Simu ikalia, alikuwa dada yangu aliyeolewa Ronge.

"Huku ni mvua ya ajabu," akaniambia. "Njia ya kwenda sokoni imekatika. Migomba imelala chini. Ninyi huko je?"

"Huku vumbi tu."

"Basi ngojeni. Hayo maji yanakuja kwenu."

Nilikata simu. Katika wiki tatu zile nilikuwa nimezunguka Voi nzima kutafuta mtu wa kunikabidhi pikipiki, nikaambiwa rudi kesho mpaka kesho zikaisha. Nilikuwa nimefika mahali pa kuonea wivu hata mkokoteni. Na sasa nilikuwa nimeshika kitu ambacho hakuna mtu mwingine kwenye benchi lile aliyekuwa nacho: nilijua mshindi. Mfa maji haachi kutapatapa, lakini mimi sikujiona natapatapa. Nilijiona mwerevu.

Kulikuwa na jamaa mmoja Mkamba, mwenye duka la spea mkabala na steji. Alihamia Voi zamani, mtu wa haki, asiyepiga kelele. Alikuwa na pikipiki mbili, na moja ilikuwa inakaa tu. Yeye alikuwa mtu wa bingwa.

"Mimi naamini injini," alisema. "Maneno mengine ni ya kanisani."

"Na laga je?"

"Laga gani? Ule mchanga? Si gari iko na four-wheel, jamani."

"Nakuambia hiyo gari ya Nairobi itazima pale mchana kesho. Weka ile pikipiki yako ya pili."

Watu walicheka. Yeye hakucheka, alinitazama. "Na wewe utaweka nini? Hilo koti?"

"Tangi la maji. Jipya. Halijawahi kuingia hata tone."

Mwenyekiti wetu, mzee wa Kitaita mwenye sauti ndogo, akanigeukia. "Kijana, hilo tangi ni lako?"

"Liko kwangu."

"Sikuuliza liko wapi."

"Ni langu, mwenyekiti."

"Mama anajua?" akauliza yule wa spea.

"Mimi ndiye mwenye nyumba," nikasema, tena kwa hasira, kana kwamba ni yeye aliyenikosea. Mpaka leo nikikumbuka sauti ile yangu natamani nijizabe kofi.

Tangi halibebeki mpaka mjini kuwekwa rehani, kwa hiyo tukapatana nilete kifuniko chake. Wa spea akatoa ufunguo wa pikipiki pale pale, mwenyekiti akautia mfukoni. Mwenzangu mmoja akanipandisha nyumbani, nikakifungua kifuniko kile cheusi, nikampa aende nacho. Mke wangu alitoka jikoni.

"Kifuniko kinaenda wapi?"

"Kinatobolewa tundu la bomba. Mifereji nafunga wiki hii."

Alinitazama kidogo, kisha akatabasamu, maana alikuwa amengojea neno hilo mwezi mzima. Alichukua leso yake nzuri, akafunika mdomo wa tangi nayo, akaifunga kwa kamba ili vumbi lisiingie. Nilimwangalia akipanda juu ya jiwe kuifunga. Ningeweza kusema wakati ule. Sikusema, kwa kuwa nilikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika hasikii kitu.

Jumamosi nilikuwa ukingoni mwa laga kabla ya jua kupanda. Watu walijaa, wengine juu ya miti, wengine juu ya pikipiki, wauza maji ya chupa wakipita katikati. Awamu ya kwanza magari yalipita kwenye mchanga mkavu. Bingwa alikuja kama jiwe lililorushwa, akavuka, vumbi likatufunika. Wa Mombasa akafuata, kwa adabu zake. Wetu alikuja wa tatu, ameachwa kwa dakika kadhaa, bomba lake linatikisika, na tukampigia kelele mpaka koo zikauma.

"Umeona?" alisema yule wa spea, aliyekuwa amesimama kando yangu. Hakusema kwa kiburi.

"Ngoja ya pili," nikamwambia. "Saa nne. Na nyinyi wote mlio chini hapo, ondokeni! Maji yanakuja!"

Wenyeji waliondoka. Wazee walitazama milima wakasema ni kweli, yanakuja. Wageni wakatuona washamba. Nilisimama pale na kichwa juu, mtu mwenye maana kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Kichwani nilikuwa nimeshapanda pikipiki yangu. Nilikuwa nimeshamwona mwanangu mdogo akiambiwa imepona.

Saa nne ikafika. Mchanga mkavu. Saa nne na nusu. Mchanga ule ule, na mbuzi mmoja akivuka bila haraka. Wale wageni wakaanza kurudi chini, mmoja akaniuliza kama maji yamepanda gari au yanakuja kwa miguu. Nilimtukana. Saa tano nilishindwa kusimama. Niliingia kichakani nikaanza kupanda na ukingo wa laga kwenda juu, nikikimbia, miiba ikinishika koti. Kona ya kwanza kukavu. Kona ya pili kukavu. Kona ya tatu nikayaona.

Yalikuwa yamekuja. Mekundu, yamebeba povu na vijiti na gogo la mgomba kutoka huko kwa dada yangu. Yalikuwa yamefika saa ile ile niliyosema. Lakini mbele yake kulikuwa na mashimo.

Shimo baada ya shimo, upana wa laga yote, mengine ya kina cha watu wawili. Maji yaliingia shimo la kwanza, yakazunguka, yakatulia, yakajaa polepole, yakamwagikia la pili. La pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Na baada ya hilo yalikuwapo mengine zaidi ya kumi. Nilisimama pale nikiyatambua moja moja. Lile pana karibu na mgunga tulilichimba mwaka ule malori yalipokuwa yanapishana kutwa. Lile lenye ngazi za udongo, ngazi nilizikata mimi. Kule mwisho ndipo nilipovunja mpini wa koleo langu la kwanza. Baba alinifundisha saa za laga kabla mimi sijaichimba. Miaka mitatu nilitoa mchanga wake, lori kwa lori, na haikunijia akilini hata siku moja kwamba ile niliyokuwa naijua haipo tena.

Niliruka chini. Sina maelezo mengine ya nilichofanya. Nilipiga magoti kwenye kizuizi cha mchanga kati ya shimo la tatu na la nne nikaanza kuchimba mfereji kwa mikono, kama mbwa. Mchanga uliporomoka, nikachimba, ukaporomoka. Nililia kwa sauti. Nilimwita Mungu, nikamwita baba yangu aliye kaburini. Maji yakanifikia magotini, yakatulia hapo, yakawa hayana haja ya kwenda popote.

Kisha nikasikia injini ya bingwa, mbali, ikitoka upande wa mkonge. Ilinguruma, ikashuka, ikapanda tena ng'ambo. Haikukohoa hata mara moja. Nikakaa ndani ya maji.

Niliporudi kwenye kivuko, nimelowa mpaka kiunoni, watu walinitazama kwa mshangao: mtu pekee aliyeona maji siku hiyo. Wetu alikuwa amepita. Walisema bomba lake lilivuta vumbi la waliomtangulia, injini ikawa inapiga chafya njia nzima, akamaliza wa tano. Bingwa alichukua kikombe, wa Mombasa akawa wa pili, kama kawaida yake. Mmoja wa wenzangu wa mchanga wa zamani, nilipowaeleza nilichokiona, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema. Lilikuwa neno la haki, na lilinichoma kwa sababu hiyo.

Jioni nilimfuata yule wa spea dukani. Nikamwomba. Nikamwambia nitamfulia pikipiki zake mwaka mzima, nitambebea mizigo, nitalala mlangoni kwake kama mlinzi. Alikuwa akipanga plagi kwenye kabati na aliendelea kuzipanga mpaka nilipomaliza.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema. "Lakini mimi naona macho yako. Hiyo tangi si yako, ama?"

Nilianza kuzihesabu plagi zake kwa macho.

"Jumatatu nakuja na pickup, na mwenyekiti. Nitauliza mama mwenyewe. Akisema ni yake, naiacha hapo hapo, sitadai hata kifuniko. Mimi siwezi kula jasho la mwanamke. Sasa hiyo ingine ya daftari, hiyo ni yenu na mwenyekiti."

Nilipanda mlima siku hiyo nikijua njia zilikuwa mbili. Tangi libaki na mimi nifutwe kwenye steji, nisiwe dereva tena Voi, niitwe mtu aliyeweka dau mali ya mkewe. Au tangi liende. Na si mimi niliyekuwa na uchaguzi.

Jumapili baada ya kanisa nilimwambia. Alikuwa anachagua mawe kwenye mbaazi, ungo mapajani. Nilimwambia yote: dada, mvua, kifuniko, mashimo, sheria ya steji. Vidole vyake viliendelea kutupa mawe, moja, moja. Nilitaka anitukane. Nilimwambia, "Sema ni lako. Ni kweli ni lako. Sema tu." Akainuka akaenda kubandika sufuria.

Jumatatu pickup ilipanda saa tatu. Mwenyekiti alishuka amekishika kifuniko kwapani. Yule wa spea alivua kofia. Watoto walikuwa shuleni, nashukuru kwa hilo. Mke wangu alitoka, akawasalimia, akawaletea viti, akawauliza habari za nyumbani. Tangi lilikuwa nyuma yake na ile leso mdomoni.

"Mama," alisema wa spea, "mimi si mtu wa maneno mengi. Hii tangi ni ya nani?"

Nilikuwa nimesimama kwenye pembe ya nyumba. Katika maisha yangu sijawahi kuomba jambo kwa nguvu namna ile, nami sikujua ninaomba lipi. Moyo mmoja ulisema, aseme ni lake. Moyo mwingine, na huu ndio ninaouonea haya mpaka leo, ulisema, asiseme.

Mke wangu alimtazama mwenyekiti, si yeye. "Mwenyekiti, nikisema ni langu mtamfuta huyu?"

"Sheria ndiyo hiyo, mama."

Akageuka, akaifungua leso kwenye mdomo wa tangi, akaikung'uta vumbi, akajifunga kiunoni.

"Ni la mwenye nyumba," akasema.

Yule wa spea alirudisha kofia yake kichwani. Alijua, na mwenyekiti alijua, na wote walijua kwamba neno likishasemwa mbele ya mashahidi limesemwa. Walilipakia wawili, na mimi nikashika upande wa chini, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine. Lilikuwa jepesi. Kitu kitupu ni chepesi sana. Pickup ikateremka polepole, tangi likigonga kila jiwe, na mlio wake ukasikika mpaka barabarani.

Tulipobaki peke yetu nilimwambia asante. Akaingia jikoni, akatoka na mitungi miwili na kamba. Bomba lilikuwa halijatoka siku ya nne, na kioski kilikuwa kimefungwa. Habari ilikuwa imeenea kwamba kuna maji kwenye mashimo ya mchanga, na wanawake wa chini walikuwa wameshaanza kuyateka. Nikanyoosha mkono kuchukua mtungi mmoja.

"Acha," akasema.

"Mgongo wako."

"Nimesema acha. Nimekuachia jina lako. Kaa nalo."

Akashuka na njia, mitungi ikigongana. Nilimwona mpaka alipopinda kwenye mikonge.

Chama chao nilisikia alikiambia mwenyewe, akiwa amesimama mbele yao wote, kwamba tangi alilitoa kwa hiari. Wakamkaripia sana kwa kucheza na jasho la wenzake. Wamemrudisha mwisho wa foleni, nyuma ya wanawake kumi na watatu. Steji nayo jina langu limo bado daftarini. Siku hizi naendesha pikipiki ya jamaa yule yule wa spea, aliyenipa bila mimi kumwomba, na kila mwaka mbio zikikaribia wenzangu huniuliza naona nani atachukua. Nawasha pikipiki nikatafute abiria.

Kila asubuhi, kabla sijashuka mjini, namfuata na pikipiki njiani akirudi kutoka kwenye yale mashimo, mtungi mmoja kichwani na mmoja mkononi. Nasimamisha kando yake. Hasimami. Naenda naye polepole, gia ya kwanza, mpaka mlangoni, na yeye anabeba.